Njia ya Magenge: Historia ya Matembezi ya Maua katika Pwani ya Cornwall

Cornwall ni ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, nchi nyembamba iliyozungukwa na bahari karibu pande zote. Pwani yake ni magenge marefu yaliyokatwakatwa na vihori, na kila baada ya mwendo mfupi kuna rasi iliyojitokeza baharini. Kuanzia Aprili hadi Juni, majira ya machipuko yanapofika huko, nyasi fupi za juu ya rasi hizo hujaa maua ya porini, na watu hutoka mbali kuja kuyatazama kwa miguu. Leo matembezi hayo yanaonekana ni jambo lililokuwepo tangu zamani. Lakini njia yenyewe ilikanyagwa na askari wa forodha waliokuwa wakiwawinda wafanyamagendo, na nyasi zile zilifupishwa na mifugo ya wakulima maskini. Kazi zote mbili zilikoma katika karne ya 20, na zilipokoma, njia na maua vilianza kupotea pamoja.

Kwa nini maua haya yako hapa na si kwingine? Jibu linaanzia kwenye upepo. Upepo wa Atlantiki huinua chumvi na kuimwaga juu ya magenge mwaka mzima. Miti haistahimili, na mmea wowote unaotaka kuishi hapo hulazimika kujibana chini. Armeria maritima, ua mashuhuri kuliko yote ya magenge haya, huota kwa mafungu magumu ya majani membamba, mzizi wake ukishuka ndani ya nyufa za mwamba. Mwezi Mei vichwa vyake vya rangi ya waridi hufunika rasi nzima. Lilichorwa hata kwenye sarafu ya Waingereza ya peni tatu kuanzia 1937 hadi 1952. Kabla yake hutangulia Scilla verna, kaua kadogo ka buluu kanakotoka kwenye kitunguu kilichofichwa ardhini. Kiangazi kinapoanza kukausha udongo, majani yake huwa yameshanyauka na mmea umekwisha kujiwekea akiba yake chini. Katikati ya hayo huchanua Silene uniflora yenye maua meupe na Anthyllis vulneraria ya manjano, na kwenye miteremko kuna vichaka vya miiba vya Ulex ambavyo hukaa na maua yao ya manjano karibu miezi yote.

Ajabu kubwa zaidi ni Hyacinthoides non-scripta. Kwingine Uingereza hili ni ua la msituni: huchanua haraka chini ya miti kabla majani ya juu hayajafunga mwanga. Huku hakuna miti, na bado miteremko mizima hugeuka buluu mwezi Mei. Kinachoziba nafasi ya miti ni kangaga. Mimea hiyo huchelewa kuchipua, kisha kiangazi hufunika mteremko kwa kivuli na unyevu, sawasawa na mwavuli wa msitu. Mtembeaji anayepita Mei huona maua. Anayepita Agosti huona kangaga peke yake, wala hawezi kudhani kilichokuwa hapo miezi mitatu kabla.

Kusini kabisa iko rasi ya Lizard, sehemu ya kusini kuliko zote katika bara la Britania. Mwamba wake ni serpentini, wenye magnesiamu nyingi na kalsiamu haba, na udongo unaotokana nao unaikataa mimea mingi ya kawaida. Kwa hiyo mimea midogo ambayo mahali pengine ingezidiwa na nyasi kubwa hupata nafasi yake hapo. Klova za aina kadhaa zisizoonekana kwa urahisi nchini Uingereza huota kwenye miteremko ya Lizard, baadhi zikiwa ndogo kiasi kwamba anayetaka kuziona lazima apige magoti.

Hata hivyo upepo na mwamba peke yao havikutosha. Kwa karne nyingi wakulima wa Cornwall waliyatumia magenge kama sehemu ya shamba. Ardhi hiyo ilikuwa mbovu kwa kulima, kwa hiyo walipeleka huko kondoo, ng'ombe na farasi wadogo. Wenye nyumba walikata vichaka vya Ulex kwa ajili ya kuni, kwani miti ilikuwa adimu na tanuri za mikate zilihitaji moto mkali. Wengine walichimba mapande ya udongo wenye mizizi wakayakausha kuwa kuni pia. Hakuna aliyefanya hayo kwa kuhurumia maua, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kichaka hakikupata kukua na kuziba mwanga. Kila majira ya machipuko ardhi ilikuwa wazi, na kila ua lililohitaji jua lilipata jua.

Juu ya magenge hayohayo kulikuwa pia na wavuvi. Samaki wa jamii ya sardini walipokaribia pwani mwishoni mwa kiangazi, walinzi waliokaa kwenye rasi waliangalia maji yanavyobadilika rangi, kisha wakapiga kelele kuwaamsha watu wa mashua na kuwaelekeza kwa ishara za mikono mahali pa kutega nyavu. Kibanda cha walinzi hao bado kimesimama juu ya mji wa Newquay. Basi vijia vilikuwapo tangu zamani, kila kijiji na chake, lakini vilikuwa vipande vipande. Iliyoviunganisha kuwa njia moja ilikuwa serikali, na sababu yake ilikuwa ushuru.

Katika karne ya 18 Uingereza iligharamia vita vyake kwa kodi za bidhaa, na chai, brendi, tumbaku na jini zikawa ghali kupita uwezo wa watu wa kawaida. Ushuru wa chai ulifikia asilimia 119 kabla ya sheria ya 1784 kuushusha hadi 12.5. Upande wa pili wa mlango wa bahari, kisiwani Guernsey na katika bandari ya Roscoff huko Ufaransa, bidhaa hizohizo zilipatikana kwa bei ndogo. Cornwall ilikuwa na vihori visivyohesabika, mabaharia hodari na mishahara duni, na magendo yakawa kazi ya vijiji vizima. Aliyesifika zaidi alikuwa John Carter, aliyeitwa Mfalme wa Prussia, ambaye kihori alichokitumia kinajulikana hadi leo kwa jina la Prussia Cove. Ndugu yake Harry aliacha maandishi ya maisha yake, na hayo ni miongoni mwa ushahidi mzuri wa jinsi biashara ile ilivyoendeshwa. Jamii haikuona haya. Waliokuwa wakionekana wageni na wabaya walikuwa askari.

Mwaka 1809 serikali iliunda kikosi cha kuzuia magendo kilichotumia mashua kukagua vihori. Mwaka 1822 kikosi hicho, meli za forodha na askari wapanda farasi viliunganishwa kuwa Walinzi wa Pwani. Vita dhidi ya Napoleon vilikuwa vimekwisha, na mabaharia wasio na kazi walikuwa wengi. Vituo vikajengwa kando ya bahari, kila kimoja na safu ya nyumba ndogo za walinzi na familia zao. Nyingi zingali zinakaliwa. Askari hakupangwa katika eneo alikozaliwa, wala hakuachwa kituo kimoja kwa miaka mingi, maana ukaribu na wenyeji ulizaa upole na upole ulizaa rushwa.

Kazi ya kila usiku ilikuwa kutembea. Mlinzi aliondoka kituoni kwake na kufuata ukingo wa genge mpaka alipokutana na mwenzake wa kituo cha pili, wakapeana taarifa, kila mmoja akarudi. Hali ya hewa haikuwa udhuru. Kwa kuwa mashua ya magendo ingeweza kuingia kihori chochote, mlinzi alilazimika kuchungulia kila kihori. Hakuruhusiwa kukata kona. Hapo ndipo ilipo siri ya njia hii ambayo watembeaji wengi huihisi miguuni bila kujua asili yake: haiendi kwa urahisi wa msafiri, bali hukumbatia ukingo, huzunguka kila rasi hadi nchani, hushuka hadi kila ufuko na kupanda tena. Njia nzima ya pwani ya kusini-magharibi, ambayo Cornwall ni sehemu yake kubwa, ina jumla ya kupanda kwa mita zipatazo 35,000, karibu mara nne ya urefu wa Everest. Mtu anayetengeneza njia kwa ajili ya starehe asingeipitisha hivyo. Na lau ingepita juu kwa juu, mbali na ukingo, ingeyakosa maua, kwa sababu ukanda wa maua ya chumvi mara nyingi ni hatua chache tu kutoka kwenye genge.

Kufikia katikati ya karne ya 19 magendo yalikuwa yamefifia, zaidi kwa sababu ushuru ulipunguzwa kuliko kwa sababu ya kukamatwa kwa watu. Walinzi hawakuondolewa. Mwaka 1856 waliwekwa chini ya jeshi la majini, na macho yao yakageukia meli zinazozama. Pwani ya Lizard ilistahili uangalizi huo: mnamo Oktoba 1898 meli ya abiria Mohegan iligonga miamba ya Manacles na watu 106 wakafa. Kwa hiyo doria iliendelea na njia ikabaki safi hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Wakati huohuo watu wa aina nyingine walikuwa wameanza kuitumia. Wa mwanzo walikuwa wataalamu wa mimea. John Ray, baba wa elimu ya mimea nchini Uingereza, alisafiri Cornwall katika miaka ya 1660 na kuorodhesha mimea aliyoikuta. Lakini aliyeifanya Lizard ijulikane kwa wasomaji wa kawaida ni kasisi Charles Alexander Johns, mwalimu wa shule ya Helston, ambaye mwaka 1848 alitoa kitabu cha wiki moja ya matembezi katika rasi hiyo. Johns alikuwa na macho makali na uvumilivu wa kutambaa. Katika bonde la Caerthillian alieleza jinsi alivyofunika kwa kofia yake moja klova kadhaa za nadra zilizoota pamoja, na hadi leo wapenzi wa mimea huenda kwenye mteremko ule wakaijaribu kofia ya Johns. Emily Stackhouse, mchoraji wa Cornwall aliyetembea na kuchora mimea kwa mkono wake, alitoa michoro iliyotumika katika vitabu vya Johns, na sifa aliyopewa wakati wa uhai wake ilikuwa ndogo mno kuliko alivyostahili. Mwaka 1909 Frederick Hamilton Davey alichapisha kitabu kikubwa cha mimea ya Cornwall, ambacho kiliwaonyesha waliokuja baada yake nini kilikuwa wapi.

Mwandishi wa riwaya Wilkie Collins alitembea Cornwall mwaka 1850 na kuita kitabu chake kwa kutaja kwamba huko ni ng'ambo ya reli. Hilo halikudumu. Daraja la Royal Albert juu ya mto Tamar lilifunguliwa mwaka 1859, na London ikawa mwendo wa siku moja. Treni zilibeba samaki, brokoli na viazi vya mapema, na pia maua ya Narcissus yaliyolimwa katika vishamba vidogo vilivyochongwa kwenye miteremko ya jua karibu na Mousehole na Lamorna. Vishamba vile viliachwa baadaye, na Narcissus zilizobaki huchanua peke yake kila Februari na Machi katikati ya miiba. Treni hizohizo ziliporudi zilileta wageni. Reli ilifika Helston mwaka 1887, na tarehe 17 Agosti 1903 kampuni ya reli ilianzisha basi la injini kutoka Helston hadi Lizard, mojawapo ya mabasi ya kwanza ya aina hiyo nchini.

Wageni walileta fedha na walileta hasara. Wavictoria walikuwa na shauku ya kukusanya, hasa kangaga za mapambo, na mimea ya nadra ilichimbuliwa ikawekwa ndani ya vyungu au ikakaushwa kati ya karatasi. Wenyeji wengine walifanya biashara ya kuwauzia. Kulichukua muda mrefu sana kwa sheria kuamka: mwaka 1975 ndipo kung'oa mmea wowote wa porini bila idhini ya mwenye ardhi kulipokuwa kosa, na sheria ya 1981 ikalithibitisha hilo.

Hatari kubwa ilikuwa ujenzi. Katika kijiji cha Tintagel, hoteli kubwa ilipoinuka juu ya genge mwishoni mwa karne ya 19, watu walichanga fedha, na mwaka 1897 National Trust, shirika lililoanzishwa miaka miwili kabla, likanunua rasi ya jirani ya Barras Nose. Ilikuwa ardhi ya kwanza ya pwani ambayo shirika hilo lilinunua katika England. Ununuzi wa namna hiyo ulienda polepole, kipande kwa kipande, hadi mwaka 1965 shirika lilipoanzisha kampeni iliyopewa jina la Neptune, mungu wa bahari wa Warumi. Leo linatunza zaidi ya kilomita 1,000 za pwani. Maua mengi ambayo watembeaji huyaona Cornwall yako juu ya ardhi iliyonunuliwa kwa michango ya watu wasioishi hapo.

Njia nayo ilikuwa imeanza kufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 doria za miguu zilikoma. Simu, vituo vya kutazamia na redio vilichukua nafasi yake. Njia isiyokanyagwa kila usiku hufunikwa haraka. Miiba ilijifunga juu yake, na baadhi ya wenye mashamba waliweka uzio wakisema kwamba mlinzi alipita kwa amri ya serikali na si kwa haki ya umma. Hoja hiyo ilikuwa na uzito kisheria, na ndiyo iliyochelewesha mambo kwa muda mrefu.

Katikati ya Vita vya Pili mtaalamu wa jiografia J. A. Steers alikabidhiwa kazi ya kuikagua pwani ya England na Wales, na ripoti za miaka iliyofuata zikapendekeza njia ndefu za umma. Sheria ya hifadhi za taifa ya 1949 ilitoa mamlaka hayo. Kisha zikaja zaidi ya miongo miwili ya mazungumzo na wenye ardhi, shamba kwa shamba. Sehemu ya Cornwall ilifunguliwa rasmi mwaka 1973, Devon ya kusini na Dorset mwaka 1974, na Somerset pamoja na Devon ya kaskazini mwaka 1978. Njia nzima, kutoka Minehead hadi bandari ya Poole, ina urefu wa kilomita zipatazo 1,014. Kwenye midomo ya mito ya Helford, Fal na Fowey mtembeaji bado huvuka kwa mashua.

Kumbe njia ilipofunguliwa, maua yaliyotarajiwa yalikuwa yanapungua. Ufugaji wa magenge ulikuwa umekufa bila kelele. Trekta haikufaa kwenye mteremko, mfanyakazi wa kukata vichaka hakupatikana, na ng'ombe wa kisasa walipata chakula bora kwenye mashamba ya ndani. Sungura walikuwa wamebaki wakitafuna nyasi, lakini mwaka 1953 ugonjwa wa mixomatosi uliingia Uingereza na katika miaka michache ukawaua karibu wote. Mteremko uliokuwa na Scilla na zaatari-mwitu ukawa kichaka kisichopenyeka.

Kisa cha kipepeo mkubwa wa buluu, Phengaris arion, kinaonyesha jinsi jambo hili lilivyofika mbali. Magenge ya kaskazini mwa Cornwall yalikuwa miongoni mwa makao yake. Kiwavi wake huanza kula zaatari, kisha hujiangusha chini na kubebwa na sisimizi hadi kichuguu chao, ambako huwala watoto wao. Aina moja ya sisimizi, Myrmica sabuleti, ndiyo hasa humwezesha kuishi, na sisimizi hao huhitaji udongo uliopashwa joto na jua. Nyasi zikirefuka kwa sentimita chache tu udongo hupoa na wao huhama. Watu waliweka uzio kumlinda kipepeo dhidi ya wakusanyaji, na uzio huo ukawazuia mifugo. Mwaka 1979 kipepeo huyo alitoweka Uingereza, na sababu ilieleweka kikamilifu wakati alipokuwa anakwisha. Kuanzia 1983 alirudishwa kwa viwavi wa kutoka Sweden. Ndege wa jamii ya kunguru mwenye mdomo na miguu myekundu, ambaye yumo kwenye nembo ya Cornwall, naye hutafuta wadudu kwenye nyasi fupi. Wa mwisho huko Cornwall alikufa mwaka 1973, mwaka uleule njia ilipofunguliwa.

Somo lilieleweka, na kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 20 National Trust na idara za serikali za uhifadhi zilirudisha mifugo kwenye rasi. Walichaguliwa ng'ombe wa asili wanaostahimili baridi na farasi wadogo wasioogopa miiba. Kwingine vichaka vilikatwa kwa mkono na kuchomwa wakati wa majira ya baridi. Huko Lizard iligunduliwa kwamba mimea midogo ya nadra, kama Juncus pygmaeus, ilikuwa ikiota kwenye matope ya nyayo za magurudumu ya mikokoteni ya zamani, kwa hiyo njia zile za mikokoteni zilifunguliwa upya na magari kupitishwa makusudi. Kwenye magenge yalifanyika pia mapambano dhidi ya Carpobrotus edulis, mmea wa Afrika Kusini uliotoroka bustanini na kufunika mwamba kwa majani yake manene, ukiinyima nafasi Armeria. Mwaka 2001 ndege wenye midomo myekundu walitua Lizard wenyewe, bila kuletwa na mtu, na mwaka uliofuata walilea makinda.

Watembeaji nao wana athari, na athari hiyo ina pande mbili. Huko Kynance na Land's End nyayo nyingi ziliuondoa udongo wote hadi mwamba ukabaki mtupu, na ikabidi sehemu zizungushiwe kamba na kuachwa zipone. Lakini nyayo chache huzuia nyasi kubwa, na Herniaria ciliolata, mmea mdogo ulalao chini ambao katika bara la Britania hupatikana Lizard tu, huota vizuri kandokando ya vijia vinavyokanyagwa. Kuondoa watu wote kusingekuwa kuuhifadhi.

Bahari nayo haijaacha kula magenge, na kila baada ya dhoruba vipande vya njia huanguka. Kwa sheria za kale haki ya kupita ilianguka pamoja na ardhi, na njia mpya ilihitaji mazungumzo mapya. Sheria ya pwani ya 2009, iliyoanzisha njia ya kuizunguka England nzima yenye urefu wa takriban kilomita 4,300 na ambayo tangu 2023 inaitwa kwa jina la Mfalme Charles III, ilibadilisha hilo. Sasa inaruhusiwa kuweka mpango ambao chini yake genge likianguka, njia husogea ndani na haki ya kupita husogea nayo.